Dawa ya Shemeji

Kasulo, Kolwezi, 11 Februari 2024

Tantine yangu Florentine,

Yambo sana. Namna gani wewe, namna gani Tenke na treni zake zenye hazifikake? Mguu yako ya kushoto ingali inakusumbua na mvua? Hapa tunaamka salama, Mungu asifiwe. Mi ninakupa habari muzuri kwanza, kabla mukono haujachoka: nimezaa. Mutoto mwanaume. Balinipasua, juu ya vile alikataa kupita njia ya batu bote, lakini tuko hapa mi na yeye, na bwana yangu Stany anatembea mu kartie, nyumba kwa nyumba, kifua mbele, sawa njo yeye alilala pa meza ya dokta.

Usikasirike kwamba sikupigi simu. Simu yangu ilianguka mwezi wa kumi na mbili mu ile shimo ya kobalti yenye Stany anachimba ndani ya nyumba, mu chumba ya nyuma. Nilikuwa ninainama kuangalia kama maji ya mvua imepanda. Niliisikia inagonga ukuta, inagonga tena, kisha kimya. Njo maana ninaandika na kumupa Benoît, ule chofere wa kamyo ya simenti yenye anakulaka chakula ya muchana mu malewa yako.

Jina ya mutoto ni Ntambwe. Ndiyo, Tantine, ile ile. Mudogo wa Stany, ule alishuka mu shimo ya nyumba yetu wakati wa kiangazi na udongo ikafunga juu yake. Hatukumutoa. Unakumbuka mama mukwe yangu, Mama Angèle, alikataa batu batandike kilio. Alisema: "Sikuona maiti, sitalia." Sasa anasema alifanya vizuri kutolia, juu mwana yake amerudi. Unajua desturi, majina, mwenye kupewa jina ya mutu, anarithi bitu ya majina yake. Kwa hiyo mutoto yangu, hata meno hana, tayari iko na koti ya kazi yenye Ntambwe aliacha nyumbani siku ile, taa ya kichwa ya pili na kiboksi ya bati yenye ilikuwa mu mufuko ya koti. Tajiri mukubwa! Mama Angèle anamwita "mwana yangu", hasemi mujukuu. Na mi ninamwita shemeji. Ninamuamkia asubuhi, "Shemeji, umelala namna gani?" Tunacheka sana.

Na ni mutoto wa ajabu. Ku lopitali alikuwa analia sawa batoto bote. Tulipofika nyumbani, Mama Angèle akamulalisha juu ya ile koti, na kisha siku chache akanyamaza. Halii hata mara moja. Majirani banakuja kumuangalia, banasema nimebarikiwa.

Kintu moja tu. Chini ya simenti ya chumba ninasikiaka mutu anagonga. Ko, ko, ko. Stany anasema ni jirani benye banachimba. Labda.

Unisalimie batu bote ba stesheni.

Mutoto yako,
Mignonne


Tenke, 22 Februari 2024

Mignonne, mama ya Ntambwe,

Ekie! Nilipiga kigelegele mu malewa mupaka mutu moja akamwanga mchuzi. Hongera, mwana ya kaka yangu. Kaka yangu angekuwa muzima, angekunywa bia ya kartie nzima. Mguu yangu iko inauma, lakini mguu ya muzee haina habari, tuiache. Treni ilifika wiki jana, ikaharibika hapa hapa mbele yangu, na nimeuza bukari na mboga siku mbili bila kupumzika. Mungu anajua njia ya kulisha batu yake.

Ninakutumia samaki ya kukauka na unga ya mihogo. Kula. Mwenye ananyonyesha asikule sawa ndege.

Sasa niulize. Mutoto yenye halii, ananyonya? Sikuulizi kama ni muzuri, ninakuuliza kama ananyonya. Mi nimezaa batoto bane na nimelea ba batu wengine, na sijaona mutoto wa sifa kama hiyo. Mutoto analia juu njo mudomo yake ya kuomba chakula. Bazee balisema kimya kiko na mushindo mukubwa. Mwamushe, mutekenye nyayo, mufinye sikio. Uone kama anakasirika. Mutoto muzima anakasirikaka.

Na kidonda yako? Balikupa nini ku lopitali juu ya maumivu? Niandikie jina, hata kama huwezi kuisoma vizuri, andika namna imeandikwa.

Unaniuliza mu roho yako, mbona Tantine hakuji kuona mutoto. Sitakuja. Unajua niliapa. Siku nililala mu ile nyumba yenu na nikasikia hewa inapanda kutoka chini ya kitanda, hewa ya baridi yenye kunuka chuma, nilisema Florentine hatatia mguu pale tena mupaka ile shimo ifungwe. Mutu hawezi kulala juu ya mudomo wazi. Mwambie Stany.

Tantine yako


Kasulo, 13 Machi 2024

Tantine,

Yambo. Aksanti kwa samaki. Stany anasema iko tamu kupita ya soko ya hapa. Mvua inanyesha kila siku, shimo imejaa nusu, na Stany na mwenzake Gael banatoa maji na ndoo. Gael njo alikuwa chini pamoja na Ntambwe siku ile. Hapendi kuangalia mutoto. Akifika anageuza kichwa.

Unaniuliza kama ananyonya. Ananyonya. Anaanza, anavuta mara mbili tatu, kisha usingizi inamubeba na maziwa inamwangika mu shingo yake na mu nguo yangu. Nilimutekenya nyayo sawa ulisema. Alifungua macho, Tantine, akaniangalia, na hakukasirika. Kile nyeusi ya katikati ya jicho imekuwa ndogo sawa tundu ya sindano. Mama Angèle anasema ni macho ya mutu ya chini, yenye alizoea giza na sasa mwangaza inamuumiza.

Anashinda naye muchana yote mu chumba ya nyuma, pembeni ya zile mbao na bâche ya turubai yenye tulifunika shimo. Anamuuliza mambo. Anamuuliza alikula nini kule, kama kule kuna baridi, kama aliona baba yake. Kisha ananyamaza sawa mutu anasikia jibu. Mara moja nilimusikia anasema: "Ah, kumbe." Nilitoka nje nikasimama mu mvua. Kuogopa gani kumuogopa mutoto nimezaa mi mwenyewe?

Nilisema tumupeleke ku lopitali. Alisema, "Unataka kupeleka mutu yenye amelala kwa amani? Balikupasua wewe, sasa bamupasue yeye?" Stany alichukua ndoo akaenda kutoa maji. Stany ni muzuri, lakini mbele ya mama yake ulimi inamukauka.

Juu ya kidonda usihangaike. Ilikuwa inauma sana, juu ni mi ninabeba maji, nani mwingine? Vidonge ya lopitali ilikwisha. Lakini niko na dawa, na inanisaidia sana. Nikimeza, maumivu inakwenda mbali, inakuwa sawa ya mutu mwingine. Mwili inakuwa mwepesi, na ule wa chini anagonga polepole, ko, ko, na siogopi. Usiniulize tena jina. Shemeji hanikatalii.

Mignonne


Tenke, 18 Machi 2024

Mignonne,

Salamu utazikuta mu barua ya kesho. Leo sina.

Shemeji hakukatalii nini? Unamuomba nini mutoto wa miezi miwili?

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikakasirika na mama mukwe yako. Mara ya pili nikaona kiboksi ya bati. Wewe njo uliniandikia: kiboksi ilikuwa mu mufuko ya koti. Bachimbaji banaweka nini mu kiboksi, Mignonne? Mi ninalisha bachimbaji kila siku, ninawaona. Kabla ya kushuka banameza vidonge, ili mugongo isisikie mizigo na tumbo isisikie njaa. Kisha banakaa pa meza yangu na macho kama tundu ya sindano, na chakula inapoa mbele yao. Dawa yenye mutoto "alirithi", njo unakunywa. Unamuomba ruhusa na kucheka, na yeye hawezi kusema hapana.

Nilifunga malewa saa ile ile, nikaenda kwa Chancelle, infirmiere ya santi, kituo ya afya ya hapa. Nilimusomea maneno yako. Aliacha kalamu. Akasema ile dawa inaitwa tramadol, na iko na ndugu yake, kodeini. Mama akimeza, inapita mu maziwa. Mutoto hana nguvu ya kuitoa mu mwili, inajaa ndani yake kidogo kidogo mupaka anasahau kunyonya, na mwisho anasahau kupumua. Halii juu amelewa, Mignonne. Hakuna mutu wa chini hapo.

Nilimuuliza, basi mwanamuke yenye ananyonyesha asiguse dawa hata moja, avumilie tu? Akanicheka. Alisema hapana, dawa nyingi mama anaweza kumeza bila neno, hata ya maumivu ziko, ile paracetamol ya kawaida, hata yenye banaita ibuprofen. Lakini kila dawa unauliza kwanza, unasema: mi ninanyonyesha. Hata majani ya kuchemsha, unauliza. Na dawa ya mutu mwingine, ya mufuko ya koti ya mutu mwingine, humezi. Na alisema usimunyime mutoto ziwa milele juu ya woga, maziwa yako si adui.

Mficha uchi hazai, banasema. Wewe umezaa na ungali unaficha. Aibu ya nini? Ulikuwa unaumwa, na hakuna mutu alikubebea hata ndoo moja ya maji. Aibu iko kwa wao.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza mustari huu, weka karatasi chini. Funga mutoto kifuani, angalia pumuzi yake, panda moto, pikipiki yoyote yenye iko karibu, enda lopitali. Beba kiboksi, waonyeshe. Useme kweli yote. Usiombe ruhusa ya mutu.

Benoît anaondoka sasa hivi, injini iko inawaka.

Florentine


Tenke, 24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Mignonne yangu,

Sijui barua gani itafika mbele. Leo asubuhi, kutoka misa, nimesikia kwamba kamyo ya Benoît ilivunjika karibu na Fungurume siku ile ile aliondoka, na amelala pale mu barabara toka wakati ule. Barua yangu iko mu kabini yake! Nilikuwa ninangoja jibu yako, kumbe ninangoja jibu ya barua yenye haijafika. Nimemutuma mutu na moto amutafute, achukue barua na kukuletea. Hii ninaitia mu mukono ya sista moja yenye anapanda basi.

Nitakuambia kintu, na usicheke. Nilipiga simu. Najua uliniambia ilianguka mu shimo. Nilipiga tu, sawa mutu anagonga pa mulango ya nyumba yenye haina batu, juu mikono ilitaka kufanya kazi. Ikalia. Ikashikwa.

Nilisema, "Mignonne?" Hakuna sauti. Nilisikia pumuzi tu. Inavuta. Inangoja. Inangoja sana, mupaka nikasema imekatika. Kisha inavuta tena. Mbali kabisa, nyuma yake, kulikuwa kitu kinagonga.

Nilisema, "Amka." Sijui mbona nilisema vile. Nilisema, "Amka, mwana, amka ulie!" Nilipiga kelele pale mbele ya kanisa na majani ya matawi mu mukono, batu bananiangalia sawa nimerukwa na akili. Kisha simu ikakufa.

Mutoto iko anapumua? Niandikie neno moja tu.

Florentine


Kolwezi, 9 Aprili 2024

Tantine Florentine, mama yangu,

Yambo. Neno moja ulitaka ni hili: anapumua.

Nilichelewa kuandika juu mikono ilikuwa inatetemeka. Dokta anasema mwili yangu ilizoea ile dawa na sasa inaidai, na ananifuata mwenyewe, kila wiki ninarudi kumuona. Maumivu ninaisikia, ninameza paracetamol, ninalaani, ninakaa. Stany anabeba maji sasa. Majirani bamemucheka mupaka bamechoka.

Mutu wa moto alinikuta jioni ya siku ya Matawi. Nilisoma nikiwa nimesimama pa mulango. Nilipofika pa "angalia pumuzi yake", niliweka karatasi chini. Mutoto alikuwa juu ya koti, mu chumba ya nyuma. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Anavuta, anangoja. Anangoja sana. Tantine, ile pumuzi ulisikia mu simu, namna uliieleza mu barua ya sista, njo ile. Stany anasema kampuni ya simu inauzaka tena namba yenye imelala, mutu mwingine alishika. Labda. Nimekubali kusema labda.

Mama Angèle alisimama mu mulango, mikono wazi. Alisema, "Umekwisha kuniua mara moja na hii nyumba yenu, sasa unaniondolea mwana yangu tena?" Nilimuogopa toka siku niliolewa. Lakini nilisema: "Mama, mwana yako iko chini. Huyu ni wangu." Na nilimusukuma. Ndiyo, mi, nilimusukuma mama mukwe kwa bega. Stany alikuwa tayari amewasha pikipiki ya ule mutu. Pale njo nilijua nimeolewa na mwanaume.

Lopitali balimutia hewa, balimutia sindano, baliniuliza nimemeza nini, na nikaweka kiboksi pa meza. Nilingoja banitukane. Dokta, ni mwanamuke, aliishika tu, akasema, "Si wewe wa kwanza wiki hii." Alibaki nayo. Aliniambia nikamue maziwa na kuimwanga mupaka dawa itoke mu mwili. Kuona maziwa yako inakwenda mu sinki ni uchungu, Tantine, lakini niliimwanga.

Gael alikuja kutuona pale. Siku hiyo aliangalia mutoto. Kisha akatuambia kitu alikuwa amekifunga mu kifua toka kiangazi. Udongo haukumuua Ntambwe. Udongo ulianguka baadaye. Alikuwa amekaa pa ukuta kupumzika, Gael na wenzake walimwita, alikuwa amelala, anavuta pumuzi moja, anangoja. Walizania amechoka. Walimuacha alale. Walipanda kutafuta maji ya kunywa, na njo udongo ikafunga.

Sasa niambie nani alikuwa na haki. Wewe ulisema hakuna mutu wa chini, na ni kweli. Lakini Mama Angèle naye alisema mutoto anafuata njia ya majina yake, na kweli alikuwa anaifuata, kidonge kwa kidonge, na ni mi nilikuwa ninamushika mukono.

Siku ya tano alilia. Nilikuwa ninamubadilisha nguo, maji ilikuwa baridi, akakunja uso, akawa mwekundu, akafungua mudomo. Yo! Sauti ya mbuzi! Bagonjwa bote ba ile chumba baliamuka. Nilicheka na kulia pamoja. Na pale pale, kutoka uwanja ya lopitali, nilisikia mutu mwingine analia. Mama Angèle. Alikuwa amekaa pale nje toka siku ya kwanza, hataki kuingia. Alipomusikia mutoto, alijua. Alijitupa chini mu matope, akafungua kitambaa ya kichwa, akaita jina ya mwana yake, "Ntambwe eee, umeniacha!" Kilio yote yenye alikataa kulia toka kiangazi. Bamama benye hawamujui balikuja kukaa naye chini, na bakalia naye. Hakuna mutu aliuliza nani amekufa.

Tulirudi nyumbani, na kilio ikatandikwa sawa inafaa, na baimbaji ba parokia na chai na moto ya kuni. Kisha kartie yote ilikuja na mapao ya kuchota udongo na toroli kufunga shimo. Mama Angèle alitupa koti yeye mwenyewe. Alitupa taa. Alisimama anaangalia inashuka mupaka hatukuiona. Toka ile dawa itoke mwilini, mi sisikii tena mutu anagonga. Yeye sikumuuliza.

Mutoto alilia wakati wote. Alilia toka toroli ya kwanza mupaka ya mwisho, hakuna ziwa, hakuna wimbo inamutuliza. Nilisikia haya mbele ya batu, nikataka kumuingiza ndani. Mama Angèle akanyosha mikono. Niliogopa kidogo, lakini nilimupa.

Alimuweka pa bega, akamupiga mugongo, na akamwambia, "Lia, mujukuu yangu. Mulilie mukubwa yako."

Shimo imefungwa, Tantine. Kuja sasa umuone.

Mignonne